Sonona na Sukari ya Damu: Utangulizi kwa Anayeanza

Sijui umefika hapa kwa njia gani. Huenda unasomea uganga au uuguzi, na umechoka kufundishwa magonjwa ya akili muhula huu na kisukari muhula ujao, kana kwamba yanawapata watu wawili tofauti. Huenda nyumbani una mzazi mwenye kisukari ambaye siku hizi haongei, hana hamu hata ya kuwaona wajukuu, na kila mkienda kliniki mnaambiwa sukari imepanda, apunguze wanga. Huenda wewe mwenyewe ulitibiwa sonona ukapata nafuu, ila umebaki na uzito ambao hukuwa nao. Yeyote uliye, somo hili ni lako, na nimefurahi umelijia.

Jambo moja ningependa ulishike tangu sasa, kwa sababu kurasa zote zinazofuata zinalizunguka: sonona na maradhi ya sukari, mafuta na presha huitana, na huitana pande zote mbili. Mwenye moja yuko karibu zaidi na jingine kuliko jirani yake asiye na lolote. Na sababu haiko kwenye tabia peke yake. Iko pia ndani ya homoni, kinga na usingizi, mifumo ambayo ubongo na tumbo vinaitumia kwa pamoja.

Tuanze na msingi, yaani umetaboli. Ni jumla ya kazi zote za kikemikali ambazo mwili hufanya ili kugeuza chakula kuwa nguvu, kujenga viungo na kuweka akiba. Ugali uliokula mchana humeng'enywa hadi kuwa sukari ndogo iitwayo glukosi, nayo huingia kwenye damu. Wengi wanaoanza hudhani kazi imeishia hapo, kumbe glukosi iliyo kwenye damu bado haijamfaa mtu. Ni lazima itoke humo iingie kwenye seli, zile chembe hai ndogo mno ambazo misuli, ini na kila kiungo vimejengwa nazo.

Anayeiingiza ni insulini. Insulini ni homoni, maana yake ni kemikali inayomwagwa kwenye damu ili ipeleke taarifa sehemu nyingine ya mwili. Hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula. Ifikirie insulini kama mgeni anayepiga hodi: seli ikiisikia hodi hufungua mlango, na glukosi huingia. Kwa mtu mwenye afya hodi moja inatosha. Kwa mtu ambaye misuli yake haipati kazi na tumbo lake limejaa mafuta, seli huanza kuwa nzito kusikia. Kongosho huongeza insulini, hodi zinazidi, na kwa miaka kadhaa kipimo cha sukari huendelea kuonekana kizuri kwa sababu kongosho linalipa gharama hiyo kimyakimya. Hali hii huitwa usugu wa insulini. Siku kongosho linaposhindwa kuongeza tena, sukari hubaki kwenye damu, na hapo ndipo mtu anaambiwa ana kisukari aina ya pili. (Aina ya kwanza ni habari nyingine: kinga ya mwili huziharibu seli zinazotengeneza insulini, mara nyingi mtu akiwa bado mtoto au kijana. Humu tunaizungumzia zaidi aina ya pili.)

Ukielewa usugu wa insulini, umeelewa nusu ya somo. Mwaka 1988 daktari Gerald Reaven wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitoa hotuba akieleza kwamba usugu huo hauji peke yake. Huandamana na presha ya kupanda na mafuta mabaya ya damu, na vyote huuelemea moyo. Leo kundi hilo tunaliita sindromu ya umetaboli. Sindromu ni mkusanyiko wa dalili zinazopenda kutokea pamoja. Mtu huhesabiwa kuwa nayo akiwa na mambo matatu kati ya matano: kiuno kipana, trigliseridi, ambayo ni aina ya mafuta ya damu, kufikia miligramu 150 kwa desilita, lehemu nzuri, ile HDL inayosafisha mishipa, kuwa chini ya 40 kwa mwanamume au 50 kwa mwanamke, presha kufika 130 ya juu au 85 ya chini, na sukari ya asubuhi kabla ya kula kufika milimoli 5.6 kwa lita.

Hicho kiuno nitakikalia kidogo, maana ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho kinachopimwa vibaya kuliko vyote. Usizungushe utepe pale mtu anapofungia mkanda wake. Tafuta kwa vidole ubavu wa mwisho chini, kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, uweke utepe katikati ya hapo, ulale sawasawa mpaka mgongoni, bila kubana. Mwambie mtu apumue kawaida, usome namba akiwa ametoa pumzi. Mipaka inayotumika kwa Waafrika tulio kusini mwa Sahara ni sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Ujue kwamba Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliichukua kutoka kwa watu wa Ulaya na kutupatia kwa muda, kwa kukosa takwimu za kutosha za kwetu. Namba hizo basi zitumie, lakini usiziabudu.

Kwa nini kiuno na si uzito mzima? Kwa sababu mafuta hayafanani. Yale ya chini ya ngozi, ya mapajani na makalioni, ni akiba tulivu. Yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, yana shughuli nyingi: humwaga kemikali zao kwenye damu usiku na mchana. Tutayarudia.

Sasa upande wa pili. Sonona ni ugonjwa, na hutambuliwa kwa dalili zinazohesabika. Mbili ndizo nguzo: huzuni au moyo mzito karibu kila siku, na kukosa raha kwa mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu. Saba nyingine ni usingizi kuharibika, hamu ya chakula kubadilika, uchovu, kujiona hufai au kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kumakinika, mwili kuzubaa au kutotulia, na mawazo ya kifo. Zikitimia tano, mojawapo ikiwa nguzo, zikadumu wiki mbili au zaidi na kumvurugia mtu maisha yake, hiyo ni sonona. Msongo wa mawazo wa siku tatu kwa sababu ya ada ya shule haujafika huko, ingawa ukikaa sana unaweza kufika.

Kipo kidodoso cha maswali 9 kinachofuata dalili hizohizo. Kinaitwa PHQ-9, kilitolewa Marekani mwaka 2001, na tafsiri zake za Kiswahili zimepimwa na kutumika Kenya na Tanzania. Alama ni kuanzia 0 hadi 27. Anayefika 10 anastahili kuchunguzwa vizuri. Swali la mwisho linauliza habari ya kutamani kufa au kujidhuru. Mtu akikujibu ndiyo, hata kama alama zake nyingine ni ndogo, usimruhusu aondoke kabla hajaonana na mtaalamu siku hiyohiyo.

Hapa kuna mtego. Kwetu ni wachache wanaoingia chumba cha daktari wakasema wana huzuni. Watakwambia mwili hauna nguvu, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, usiku mawazo ni mengi. Sasa mchukue mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake iko juu: naye amechoka, naye anaamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, naye hamu yake ya chakula imebadilika. Dalili tatu za sonona tayari unazo mkononi kabla hujamuuliza lolote kuhusu moyo wake. Ndiyo maana wenye uzoefu hutegemea zaidi zile nguzo mbili. Sukari ikipanda inaweza kumchosha mtu, lakini haielezi kwa nini mama aliyekuwa akiongoza kwaya ameacha kuimba hata jikoni.

Je, uhusiano huu ni wa kweli, au ni magonjwa mawili yenye wagonjwa wengi yakigongana kwa bahati? Swali hili ni la zamani. Katika karne ya 17 Thomas Willis, tabibu wa Kiingereza anayekumbukwa kwa kueleza utamu wa mkojo wa wagonjwa wa kisukari, aliandika kwamba huzuni ya muda mrefu ni miongoni mwa vyanzo vya ugonjwa huo. Hakuwa na maabara, alikuwa na macho tu. Ilibidi tungoje zaidi ya miaka 300 ndipo takwimu zije. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti nyingi ndogo wakazichambua kwa pamoja, wakakuta kwamba uwezekano wa kuwa na sonona kwa mwenye kisukari ni takriban mara mbili ya asiye nacho.

Hata hivyo kukutwa pamoja hakukwambii nani alitangulia. Kwa hilo unahitaji tafiti za ufuatiliaji: unawachukua watu wasio na ugonjwa unaouchunguza, unawafuata kwa miaka, unaangalia nani anaupata. Uchambuzi wa tafiti za namna hiyo uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwenye sonona ana hatari ya kupata kisukari aina ya pili iliyo kubwa kwa asilimia 60, na mwenye kisukari ana hatari ya kupata sonona iliyo kubwa kwa asilimia 15. Miaka miwili baadaye ukaja mwingine kuhusu unene: wanene walikuwa na uwezekano wa kupata sonona ulioongezeka kwa asilimia 55, na wenye sonona walikuwa na uwezekano wa kunenepa kupita kiasi ulioongezeka kwa asilimia 58. Njia, basi, ina watembeaji wa pande zote mbili.

Usizisome namba hizo haraka. Asilimia 60 zaidi haina maana kwamba wagonjwa 60 kati ya 100 wa sonona watapata kisukari. Tuseme katika mtaa fulani watu 5 kati ya 100 wangekipata katika kipindi cha miaka fulani. Kwa wenye sonona wa mtaa huohuo wangekuwa 8. Waliobaki 92 hawatakipata. Mgonjwa wako akikuuliza kama sonona yake itamletea kisukari, mpe jibu la namna hiyo, asirudi nyumbani na hofu mpya juu ya ugonjwa alionao.

Tukishakubali kwamba jambo lipo, tunauliza linatokeaje. Hapa ndipo somo linapokuwa tamu, na nitaanza na ugonjwa adimu, kwa sababu unafundisha kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Harvey Cushing alikuwa daktari wa upasuaji wa ubongo nchini Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alieleza habari za wagonjwa waliofanana ajabu: uso wa mviringo, tumbo kubwa na miguu myembamba, presha, sukari ya juu. Wengi wao tezi ndogo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, ilikuwa na uvimbe mdogo, na uvimbe huo uliziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni iitwayo kortisoli bila kipimo. Tunaijua kortisoli kama homoni ya msongo. Ukikutana na hatari hupanda, ikaliamuru ini litoe sukari ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana, kisha hatari ikipita hushuka. Kwa wagonjwa wa Cushing haishuki. Na sasa sikiliza jambo linalotuhusu: takriban nusu yao hupata sonona pia, na uvimbe ukiondolewa, mara nyingi moyo huchangamka kadiri kortisoli inavyoshuka. Homoni moja ikizidi huleta kiuno, presha, sukari na sonona kwa mpigo. Ushahidi ulio wazi kiasi hicho kwamba mambo haya yana mzizi mmoja ni mgumu kuupata kwingine.

Picha hiyohiyo, kwa kiwango kidogo, utaiona kwa watu waliotumia dawa za jamii ya kortisoli kwa muda mrefu, kama prednisoloni na deksamethasoni. Ninalitaja kwa uchungu, kwa sababu vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kinyemela katika miji yetu mara nyingine huwa na deksamethasoni ndani yake, na wanaovinunua ni wasichana wanaotaka kuambiwa wamenawiri.

Watu wengi wenye sonona hawana ugonjwa wa Cushing, bila shaka. Lakini sehemu yao wana kortisoli iliyo juu kidogo, kila siku, kwa miezi. Je, kidogo cha kudumu kina madhara? Mwanasayansi Robert Sapolsky alikwenda kulitafuta jibu Kenya, kwenye nyani wa Masai Mara, aliokuwa akiwafuatilia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliwapiga sindano ya usingizi kwa mshale na kuwachukua damu. Madume wa daraja la chini, wanaonyang'anywa chakula na kupigwa bila kosa, walikuwa na kortisoli ya juu hata wakiwa wametulia, na HDL yao, ile lehemu nzuri, ilikuwa chini. Nyani hawa hawakuwa na chipsi wala soda. Walichokuwa nacho ni maisha ya kuonewa kusikokoma, nako kulionekana kwenye mafuta ya damu.

Njia ya pili hupitia kwenye kinga. Nilisema mafuta ya ndani ya tumbo yana shughuli nyingi. Mwaka 1993 maabara moja ya Marekani ilionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali ya kinga iitwayo TNF, na kwamba kemikali hiyo huzifanya seli zisiisikie insulini. Kemikali za aina hiyo kwa jumla huitwa saitokini. Ndizo zinazotumiwa na askari wa mwili kupeana habari. Ukiwa na malaria saitokini hupanda sana, na unajua mwenyewe unavyojisikia: huna hamu ya kula, hutaki kuongea na mtu, unataka kulala gizani. Hilo ni agizo la kinga kwa ubongo, likuweke chini ili upone. Sasa fikiria agizo hilo likitolewa kwa sauti ndogo, bila malaria yoyote, kwa miaka. Hali hiyo ya kinga kuwaka pasipo vita huitwa inflamesheni sugu, na hupimwa kwa protini ya damu iitwayo CRP.

Kwamba saitokini zinaweza kuleta sonona tunalijua kwa hakika. Kabla ya dawa za kisasa za homa ya ini ya aina C, wagonjwa walichomwa interferoni, ambayo ni saitokini, na wengi wao, watu ambao hawakuwahi kuugua akili, walipata sonona ndani ya majuma machache. Mwaka 2013 Charles Raison, Andrew Miller na wenzao walijaribu kinyume chake: waliwapa wagonjwa 60 wa sonona sugu dawa ya kuzuia TNF, au maji ya dawa bandia. Kwa jumla dawa haikuishinda ile bandia. Wengine wangefunga daftari hapo. Lakini watafiti hawa walipowatenga wale ambao CRP yao ilikuwa juu tangu mwanzo, wao walionekana kunufaika. Wenye CRP ya chini walifanya vizuri zaidi na dawa bandia. Nalipenda jaribio hili kwa sababu linatupa habari kubwa: sonona si moja.

Unakumbuka kwamba dalili mbili za sonona, usingizi na hamu ya kula, zinaweza kuharibika kwa kupungua au kwa kuzidi? Kwa muda mrefu tulizihesabu kuwa sawa. Watafiti wa Uholanzi, katika mradi mkubwa ulioanza mwaka 2004 na kuwafuata karibu watu 3,000, walizitenganisha. Wagonjwa wa kundi moja hawalali, hawali, huamka alfajiri na moyo mzito, hukonda. Hao kortisoli yao ndiyo iliyokuwa juu. Wa kundi la pili hula kupita kawaida, hulala mno na bado huamka mwili mzito kama umebebeshwa mawe. Hao walikuwa na kiuno kipana, trigliseridi ya juu, HDL ya chini, na CRP iliyopanda. Kama unataka kujua ni mgonjwa yupi wa sonona umpime sukari kwanza, muulize anakulaje na analalaje. Binafsi naona swali hilo moja limelisogeza somo letu mbele kuliko mashine nyingi za kupiga picha ubongo.

Tumetaja usingizi, nao una nguvu zake. Mwaka 1999 huko Chicago vijana 11 wenye afya walilazwa saa 4 tu kwa usiku, siku 6 mfululizo. Mwili wao ulianza kuishughulikia glukosi kama wa mtu anayeelekea kwenye kisukari, na kortisoli yao ya jioni ilipanda. Waliporuhusiwa kulala vya kutosha, hali ilirudi. Sasa mfikirie mgonjwa wa sonona asiyelala miezi sita.

Tabia nazo zina sehemu yake. Mfikirie mama wa miaka 52 mwenye kisukari na sonona ambayo hakuna aliyeigundua. Asubuhi ya kliniki ameamka saa kumi, amekuja bila kunywa chai, daftari lake limo kwenye mfuko wa plastiki. Sukari inasoma 14. Muuguzi anamgombeza. Yeye anaitikia, "Nimesikia, mwanangu." Hakuna aliyemuuliza kwa nini vidonge vya mwezi uliopita bado vimejaa kwenye kopo. Kama angeulizwa, na kwa upole, angesema kwamba haoni sababu ya kuvimeza. Kumwongezea dozi mtu huyu ni kupoteza dawa.

Na dawa zenyewe za akili? Lazima nikwambie ukweli, kwa sababu wagonjwa wanaujua na wanaona tunawaficha. Olanzapini na klozapini, zinazotolewa kwa magonjwa mazito ya akili, huongeza uzito na sukari, mara nyingine kwa haraka. Amitriptilini, dawa ya sonona inayopatikana kwetu karibu kila mahali, nayo hunenepesha baadhi ya watu. Fluoksetini haina tabia hiyo sana. Hii si sababu ya mtu kuacha dawa ghafla. Sonona isiyotibiwa nayo inaua. Ni sababu ya kumpima uzito, kiuno na sukari kabla ya kuanza, na kurudia kupima.

Kabla ya kufika kwenye tiba, niondoe mkanganyiko mmoja. Kuna uchovu wa kuishi na kisukari ambao si sonona. Mtu amechoka kujichoma vidole, kuhesabu matonge, kukataa pilau harusini huku watu wakimtazama. Mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake walitengeneza kidodoso cha kuupima mwaka 1995. Mwenye uchovu huo bado anacheka na wajukuu, ila ukitaja sukari tu uso unabadilika. Huyu hahitaji kidonge cha sonona. Anahitaji mtu wa kumpunguzia mzigo na kumwelekeza upya.

Liko pia suala la fedheha. Mwaka 2019 ilitoka kazi iliyotumia vinasaba vya maelfu kwa maelfu ya watu wa Uingereza. Uzuri wa vinasaba ni kwamba mtu huvipata kabla hajazaliwa, hivyo sonona haiwezi kuwa ndiyo iliyovileta. Walikuta kwamba vinasaba vya unene huongeza uwezekano wa sonona, hata vile vinavyoongeza mafuta bila kuleta kisukari wala presha. Hilo linadokeza kwamba kuishi na mwili mnene mahali unene unapodharauliwa kuna uzito wake peke yake. Kwetu, ambako mtu aliyenenepa huambiwa amependeza na aliyekonda hunong'onwa, naamini hesabu hiyo itatoka tofauti. Ukitafuta mada ya utafiti wako wa shahada, hiyo hapo, na hakuna atakayeifanya vizuri kama mtu aliyekulia humu.

Tiba sasa. Kwa kuwa mzizi ni wa pamoja, kuna mambo yanayosaidia pande zote mbili. La kwanza ni kuutumikisha mwili. Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi hata insulini ikiwa dhaifu, na mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, kwa wagonjwa 156 wa sonona wa umri wa kuanzia miaka 50, walikuta kwamba baada ya wiki 16 waliofanya mazoezi walipata nafuu sawa na waliomeza dawa. Usimwambie mtu mwenye sonona "fanya mazoezi" kisha ukageuka. Hana nguvu ya kuanza. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Mtafutie wa kutembea naye, mwanzo hadi dukani na kurudi.

Chakula nacho kimejaribiwa. Mwaka 2017 Felice Jacka na timu yake nchini Australia waliwapa watu 67 wenye sonona ama mtaalamu wa lishe ama mtu wa kuzungumza naye tu. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya waliobadilisha mlo walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8. Ni jaribio dogo, na mtu huwezi kumficha anachokula, kwa hiyo lipokee kwa tahadhari. Mlo wenyewe ulikuwa mboga, kunde, samaki, karanga, nafaka zisizokobolewa. Mpwani au mtu wa Kigoma hatauona kuwa mgeni: dona, maharage, mchicha, dagaa.

Linalonipa matumaini zaidi ni namna ya kupanga huduma. Mwaka 2010 Wayne Katon na wenzake, katika jimbo la Washington, waliwachukua wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na kisukari au ugonjwa wa moyo. Nusu yao walipewa muuguzi mmoja wa kuwafuatilia yote kwa pamoja: alama za sonona, sukari, presha na lehemu kwenye ukurasa mmoja, akishauriana na madaktari kila wiki na kubadilisha dawa pale namba zilipokataa kushuka. Baada ya mwaka mmoja, sonona ilikuwa imepungua na namba nyingine zote nazo zimeshuka kuliko za wenzao. Mpango wa aina hiyo ukajaribiwa katika kliniki 4 za kisukari nchini India, kwa wagonjwa 404, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yakaelekea hukohuko. Tena walioshika kazi ya ufuatiliaji India hawakuwa madaktari. Na huko Harare, Dixon Chibanda tangu mwaka 2006 amekuwa akiwafundisha akina bibi wa mtaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kutatua nao tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililotoka mwaka 2016 lilionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua waziwazi kuliko kwa huduma ya kawaida.

Kliniki za kisukari tayari tunazo, katika hospitali nyingi za wilaya, na wagonjwa wake hukaa kwenye foleni tangu alfajiri wakingoja kuitwa. Maswali 9 huchukua dakika chache. Ukipangiwa zamu huko, anza na wale waliokaa kimya mwisho wa benchi, na kabla ya kuwauliza sukari imefika ngapi, waulize wanalalaje.